Ukaazi wa Kudumu na Hesabu ya Watu Arubaini



Ndugu zetu wasomaji, tangu kuandama mwezi huu tumeulizwa na watu wawili suala moja kwa maneno mbalimbali. Mmoja ni kijana wa Likoni aliyeposa Tanga na anataka kuhamia huko kwa wakwe zake. Wa pili ni mama mtu mzima kutoka Unguja, anayekaa kwa bintiye hapa Mombasa, aliyekwisha kuchoka na mihuri. Wote wawili wanataka kujua: mtu akiihama nchi yake akaenda kukaa nchi ya jirani, wala asichukue uraia wa huko, huwa ni nani? Wametuuliza sisi kwa kuwa yajulikana kwamba sisi si wazaliwa wa Kenya. Tulizaliwa Tanga, tukasomea chuo na madrasa Tanga, na mwaka 1994 tukavuka Horohoro na mkoba wa vitabu kuja kufundisha watoto katika kijiji kimoja kusini ya Msambweni. Hadi leo tungalipo. Serikali ya Kenya imetuandika wakaazi wa kudumu, na pasi yetu ni ya Tanzania.

Kabla ya kumjibu yeyote yatupasa tuseme machache juu ya mpaka wenyewe, kwani wengi hudhani uliumbwa pamoja na mito. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana bara hili, wakavuta mstari kutoka mlango wa mto Umba hadi Ziwa Jipe, kisha ukapinda kuuzunguka mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini. Hawakumuuliza Mdigo wala Msegeju wala Mvumba, nao wote wakajikuta wana jamaa huku na jamaa kule. Bibi yetu mzaa baba alikuwa mtu wa Vanga. Katika udogo wetu kwenda kwake kulikuwa ni kama kwenda mtaa wa pili, ila njia ni ndefu na vumbi jingi. Akitupikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, kisha hutufunga nguo mpya tuliyonunuliwa ndani ya kanga yake tusiichafue njiani.

Mwezi wa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka, nao haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Tulikuwa na miaka tisa ulipofungwa, na miaka kumi na mitano ulipofunguliwa. Katikati ya muda huo bibi alifariki. Baba yetu alipata habari siku ya sita, kwa mvuvi aliyezisikia kwa mvuvi mwenziwe baharini. Alikaa kitako kwa muda, kisha akatia udhu, akasimama barazani akamsalia mamake sala ya ghaibu, ilhali baina ya Tanga na Vanga hapafiki kilomita mia. Mtu anayesema kuwa karatasi si kitu, labda hajawahi kukosa maziko ya mzazi kwa sababu ya karatasi.

Basi tulipokuja kufundisha tulikuja na karatasi zote. Tulipewa kibali chenye tarehe ya kumalizika, na kila kilipokaribia kuisha tulianza upya: picha, barua ya kamati ya msikiti, nakala za vyeti, safari ya Mombasa, na wakati mwingine safari ya Nairobi. Ofisi moja tusiyopenda kuitaja ilikaa na faili letu miezi kumi na moja, kisha ikatuambia picha zimepitwa na wakati. Haya hatuyaelezi kwa uchungu. Wanafunzi walikuwa wakitucheka kwa jambo jingine kabisa: sisi tulisema mchele, na mwalimu mwenzetu aliyelelewa Mombasa alisema mtele. Watoto wakagawanyika kambi mbili, na siku za mwanzo ubao ulikuwa na herufi nyingi zilizofutwa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwetu lilikuwa zito kuliko kibali.

Kila aliyesoma Safina chuoni akiwa mdogo anajua kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya watu wa pwani yetu, Ijumaa haisihi ila kwa watu arubaini, wanaume waliobaleghe, walio mustautini. Neno hili la mwisho watoto hulihifadhi bila kulitafakari, na wakubwa wengi vivyo hivyo. Mwanadamu, kwa hesabu ya sala, ana hali tatu. Yuko msafiri, ambaye hupunguziwa sala na Ijumaa haimlazimu. Yuko mukimu, naye ni yule aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka. Huyu sala yake ni kamili na Ijumaa ni wajibu juu yake. Na yuko mustautini, aliyefanya mahali pale kuwa ndipo kwake, haondoki wakati wa kusi wala wa kaskazi ila kwa haja, kisha hurudi. Mukimu huenda akakaa mwaka, au miaka kumi kwa ajili ya masomo au biashara, lakini ikiwa moyoni mwake ana nia ya kurudi kwao, anawajibika kuhudhuria Ijumaa, wala haingii katika ile hesabu ya arubaini. Zaidi ya hayo, yafaa awe imamu wao, awasomee khutba na kuwasalisha, maadamu arubaini wametimia pasi na yeye.

Msomaji atazame hapo vizuri. Mtu anaweza kuwa mbele ya watu wote, juu ya mimbari, na asihesabiwe.

Kijiji chetu wakati huo kilikuwa kidogo, na wengi wa wanaume wake ni wavuvi. Katika miezi ya bahari tulivu, Ijumaa hutokea nusu yao wako Shimoni au mbali zaidi. Mzee mmoja, Mungu amrehemu, ambaye ndiye aliyekuwa akiadhini, alikuwa na ada ya kuhesabu safu kabla hatujapanda mimbari. Alihesabu kwa kokwa za tende alizotia mfukoni. Ijumaa moja alihesabu mara mbili, akatujia taratibu, akainama sikioni.

"Maalim, tuna thelathini na tisa."

Tukamuuliza kama ametuhesabu na sisi.

"Ndilo nililojia. Wewe nikuhesabu au nisikuhesabu? Wewe ndiwe ujuaye."

Alikuwa na haki ya kuuliza, wala hapana mwingine wa kujibu. Nia haionekani usoni, na kibali kilichokuwa mfukoni mwetu hakikuweza kumsaidia mzee yule kwa lolote. Wakati huo tulikuwa tumekwisha kukaa kijijini miaka minne, tumeoa hapo hapo, na ahali yetu alikuwa na mimba ya kwanza. Lakini mama yetu alikuwa Tanga, na kila tulipoandika barua tulimalizia kwa "tutakaporudi." Tukamwambia mzee asituhesabu. Tukasali Adhuhuri rakaa nne, na watu wakatawanyika kimya. Wako waliotutazama kwa namna ambayo hatukuihitaji kuelezwa.

Hatujutii jibu lile, kwani ndivyo hali ilivyokuwa, na sala ya watu si mahali pa kuona haya. Ila tangu siku ile tulijua kwamba suala la kuhama halitangojea serikali. Mwaka 1999, mtoto alipotimiza arubaini yake, tulikaa na ahali yetu usiku tukalizungumza mpaka mafuta ya taa yakaisha. Alfajiri tulimwambia mzee kwamba kuanzia Ijumaa inayokuja atuhesabu. Alicheka, akatoa kokwa moja mfukoni akatupa. Kwa upande wa sheria ya Mwenyezi Mungu kuhama kwetu kulikamilika asubuhi ile, bila muhuri na bila picha mbili.

Serikali ilichukua muda zaidi. Kwa wale wanaotaka kujua, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 imetaja aina za watu wanaoweza kuomba ukaazi wa kudumu. Miongoni mwao ni aliyeshika vibali vya kazi kwa muda usiopungua miaka saba na akakaa nchini mfululizo miaka mitatu iliyotangulia ombi lake, na pia mume au mke wa raia ikiwa ndoa imefika miaka mitatu. Sisi tulikuwa na milango yote miwili. Ukipewa, unaishi na kufanya kazi bila kuhesabu tarehe, unaingia na kutoka. Kura huna, kwani hiyo ni ya raia. Ardhi huwezi kuimiliki milele: kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu asiye raia kukodi kwa muda usiozidi miaka 99 tu. Na kadi unayotembea nayo si kipande, bali ni kitambulisho cha mgeni. Tumekaa Kenya miaka thelathini, tumezika hapa watu wetu, tumefungisha ndoa za watoto wa wanafunzi wetu, na askari wa kizuizini akiitazama kadi husema, "Karibu Kenya, Sheikh." Nasi humwitikia vizuri. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. La kwetu lishakwisha meno.

Hatukuwa wa kwanza. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912, akahamia Kenya mwaka 1967, na mwaka uliofuata akawa Kadhi Mkuu wa nchi hii. Tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili, iliyomo katika nyumba nyingi za wasomaji wetu, ilikamilika mwaka 1969, yuko huku. Akafia Oman mwaka 1982. Naye Habib Saleh, aliyeisimamisha Riyadha ya Lamu, asili yake ni Ngazija. Elimu ya pwani hii kwa sehemu kubwa imebebwa na watu ambao leo wangepangwa mstari wa wageni pale forodhani.

Wako wanaotuuliza, na aliye mkali kuliko wote ni kijana wetu mkubwa: kwa nini tusichukue uraia kabisa? Katiba inamruhusu aliyekaa kihalali miaka saba mfululizo kuomba, na aliyeoa raia kwa miaka saba pia ana haki ya kusajiliwa. "Baba," alituambia mwaka 2022, siku ya kura, "sisi sote tunakwenda, wewe unabaki kulinda kuku." Tulicheka, lakini neno lilitufika. Tuliandamana nao hadi kituoni, tukakaa nje chini ya mwembe na wazee wengine waliokwisha kupiga, ambao vidole vyao vilikuwa na wino. Hapo ndipo tulipoona kwamba ni yale yale ya mimbari: tunafundisha wapiga kura kusoma na kuandika, wala hatuhesabiwi.

Sababu ni shamba. Tulirithi kwa baba yetu fungu la shamba la minazi nje ya mji wa Tanga, sisi na ndugu zetu. Kenya humruhusu mzaliwa wake kushika uraia wa nchi mbili, lakini Tanzania, kwa sheria yake ya uraia ya mwaka 1995, haimruhusu mtu mzima kufanya hivyo kwa hiari yake. Siku tutakapoapa kuwa Wakenya ndiyo siku tutakapokuwa wageni Tanga, na sheria ya ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, kama ilivyotungwa, haikumpa asiye raia ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Na hata tukifa na uraia wetu, watoto wetu ni Wakenya kwa mama yao. Walipofika miaka kumi na minane walichukua vipande vya Kenya na kubaki navyo. Katika ilimu ya mirathi vizuizi vijulikanavyo ni utumwa, kuua na tofauti ya dini. Pasi haimo. Mtoto wa Msambweni humrithi babake aliyezaliwa Tanga, nusu kwa nusu au thuluthi kwa thuluthi kama Mwenyezi Mungu alivyogawa. Lakini fungu hilo akilishika mkononi huenda likawa ni haki asiyoweza kuiandikisha. Tumeyafikiri haya usiku mwingi kuliko tulivyoufikiri uraia.

Kwa hiyo kijana wa Likoni tunamwambia wazi: Tanga ni mji mwema, wakwe zako watakupokea, na nazi ni ya bei nafuu. Lakini usidhani kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha kuondoa mpaka. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kazi Julai 2010, nayo inampa mfanyakazi na mwenye kazi yake mwenyewe haki ya kuingia na kukaa. Lakini imesema bayana kwamba ukaazi wa kudumu na matumizi ya ardhi yataendeshwa kwa sheria za kila nchi. Kenya, Uganda na Rwanda ziliwaruhusu raia wao mwaka 2014 kuvuka kwa vitambulisho, na Tanzania haikuingia katika mpango ule, basi chukua pasi. Vibali vya ukaazi vya Tanzania viko daraja A kwa mwekezaji na mwenye kujiajiri, B kwa mwajiriwa, na C kwa wengineo, na kila kimoja kina tarehe yake ya mwisho. Usinunue kiwanja kwa jina la shemeji. Tumeamua kesi tatu za namna hiyo barazani petu, na katika zote tatu shemeji alikuwa mtu mwema siku ya kununua. Andika kwa jina la mkeo aliye raia, na muandikiane mbele ya mashahidi fedha ni za nani.

Na mama yetu wa Unguja, bintiye akiwa raia, aende naye uhamiaji aulize kibali cha tegemezi, akichukua cheti cha kuzaliwa cha binti. Asiende peke yake, na aende asubuhi.

Liko jambo moja ambalo hakuna ofisi itakayowaambia, nalo tumeona tuliseme. Mwaka uliofuata kuhesabiwa kwetu katika arubaini tulikwenda Tanga kwa siku mbili kumtazama mama. Masafa kutoka kwetu hadi pale yanatimia masafa ya safari. Adhuhuri ilipoingia tulitandika mkeka katika chumba tulichozaliwa, tukasali rakaa mbili, tukatoa salamu. Mama alikuwa kitandani akitutazama. Hakusoma vitabu, lakini alijua rakaa.

"Mwanangu," akasema, "umesahau au umesafiri?"

Tukamwambia tumesafiri.

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Hapa?"

Tulimweleza kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alipohama Makka akafanya Madina kuwa ndiko kwake, aliporudi Makka kuhiji alisali sala ya msafiri, naye Makka ndipo alipozaliwa, na jamaa zake na wa maswahaba zake walikuwapo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa, kama Mtume alisali hivyo." Kisha akageukia ukutani, na baada ya muda akamwita kaka yetu atuletee chai, kwa sauti ya mtu anayeagiza kitu kwa ajili ya mgeni. Chai ililetwa katika vikombe vya kabatini, vile vya maua.

Amekwisha kututoka sasa, Allah amlaze pema. Maziko yake tuliyawahi. Mpaka ulikuwa wazi, na maofisa wa pande zote mbili pale Lungalunga na Horohoro, tulipowaambia ni mama, walitupitisha mbele ya mstari.

Wiki iliyopita kaka ametuandikia kwamba pana mtu anayetaka kununua shamba lote kwa pamoja, na kwamba ndugu wengine wameridhia. Bei si mbaya. Fedha hugawika, huvuka Horohoro bila kuulizwa uraia, na kila mtoto atashika chake. Ahali yetu aona tuuze. Kijana mkubwa, yule wa kuku, amesema angependa kwanza kuiona minazi aliyopanda babu yake. Tumemjibu kaka amwambie mnunuzi angoje hadi baada ya Idi. Tutakwenda na kijana, tutazunguka shamba mti kwa mti, na tutakaa siku tatu.